Andrejs Rubins: Winga Aliyehukumiwa kwa Daftari Lisilo Lake

Andrejs Rubins alizaliwa Riga Novemba 26, 1978, na akafariki Agosti 1, 2022, kabla hajatimiza miaka 44. Kati ya tarehe hizo mbili alicheza soka Latvia, Uingereza, Urusi na Azerbaijan, na aliivaa jezi ya timu ya taifa ya Latvia mara 117. Ukimuuliza shabiki wa Uingereza wa kizazi chake, atakutajia bao moja tu. Ukifungua takwimu za klabu, utamkuta winga aliyenunuliwa kwa fedha nyingi, akacheza mechi 31 za ligi akiwa Crystal Palace ya Uingereza bila kufunga hata bao moja, kisha akaanza kuhama huku na huko kutafuta namba. Hukumu ya haraka ni kwamba alikuwa mchezaji wa kawaida aliyebahatika usiku mmoja. Naiona hukumu hiyo imepotoka, ingawa takwimu zenyewe ni sahihi, kwa sababu zimesomwa katika daftari lisilo lake. Klabu zilikuwa mahali ambapo Rubins alipatia riziki na kulinda kiwango chake. Kazi aliyoifanya kwa ukamilifu ilikuwa ya timu ya taifa, na huko ndiko anakostahili kupimwa.

Dai hilo linahitaji maelezo, kwa kuwa kwa kawaida mambo huwa kinyume. Mchezaji hujengwa na klabu, halafu timu ya taifa humwazima kwa siku chache. Latvia ya mwisho wa miaka ya 1990 haikuwa hivyo. Klabu ya Skonto ya Riga ilitwaa ubingwa wa nchi mara 14 mfululizo, kuanzia 1991, mwaka ambao Latvia ilirejesha uhuru wake kutoka Muungano wa Kisovyeti, hadi 2004. Mwenye klabu, Guntis Indriksons, alikuwa pia rais wa shirikisho la soka la nchi hiyo tangu 1996. Kocha wa Skonto, Aleksandrs Starkovs, alikuja kuwa kocha wa timu ya taifa mwaka 2001 huku akiendelea na klabu yake. Vitālijs Astafjevs, Mihails Zemļinskis, Igors Stepanovs, Imants Bleidelis, Marians Pahars, Juris Laizāns, Aleksandrs Koļinko, Māris Verpakovskis na Rubins mwenyewe, wote walipita Skonto. Mtu anayejali utawala bora wa michezo ana haki ya kukunja uso anapoona mwenye klabu moja akishika usukani wa shirikisho zima, na ligi isiyo na ushindani kwa miaka 14 haiwezi kusifiwa kama mfano wa kuigwa. Hata hivyo, ndani ya uwanja mfumo huo ulizaa kitu ambacho nchi kubwa hukitafuta kwa gharama bila kukipata: timu ya taifa iliyocheza kama klabu, yenye wachezaji waliokuwa wakijuana nyendo kwa miaka, na kocha asiyelazimika kuwafundisha upya kila walipokusanyika.

Nchi iliyokuwa na watu milioni 2 na ushei isingeweza kuwabakiza wachezaji hao nyumbani. Soko lilikuwa Uingereza, na aliyechangia kulifungua ni Mwingereza Gary Johnson, aliyeifundisha timu ya taifa ya Latvia kuanzia 1999 hadi 2001. Pahars alikwenda Southampton Machi 1999, na katika siku ya mwisho ya msimu huo alifunga mabao mawili dhidi ya Everton yaliyoiokoa klabu yake isishuke daraja. Bleidelis alimfuata Southampton mwaka huo huo. Astafjevs alitua Bristol Rovers, na Septemba 2000 Stepanovs akasajiliwa na Arsenal. Mwezi mmoja baadaye, Crystal Palace, iliyokuwa ngazi ya pili na ndiyo kwanza imenunuliwa na tajiri kijana Simon Jordan baada ya misukosuko ya kifedha, iliwachukua wawili kwa pamoja kutoka Skonto: kipa Koļinko na winga Rubins. Ada ya Rubins ilikuwa takriban pauni milioni 2, kiasi kikubwa kwa klabu iliyotoka kunusurika kufa.

Biashara hiyo ilitegemea kanuni ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu vizuri kuliko anavyodhani. Wakati huo Latvia haikuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo mchezaji wake alihitaji kibali cha kazi, na kanuni za Uingereza zilizoanza 1999 zilitaka awe amecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu ya taifa katika miaka miwili iliyopita, na nchi yake iwe imesimama katika nafasi ya 70 au juu zaidi katika orodha ya FIFA. Aliyepungukiwa alibaki na njia ya kukata rufaa mbele ya jopo. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyomkwamisha Mkenya McDonald Mariga Januari 2010, pale Manchester City ilipokuwa tayari kumnunua kutoka Parma na kibali kikakataliwa kwa sababu Kenya ilikuwa mbali chini ya nafasi ya 70. Mariga aliishia Inter Milan na kutwaa Ligi ya Mabingwa miezi michache baadaye, jambo linaloonyesha jinsi kanuni hiyo ilivyokuwa kipimo kibovu cha uwezo wa mtu. Kwa Walatvia ilikuwa na athari nyingine ambayo haizungumzwi sana: ilifanya timu ya taifa kuwa pasipoti. Mchezaji aliyekosa mechi za taifa alikuwa anajifungia soko, na kwa hiyo hakuna aliyetoa udhuru wa mafua ilipofika zamu ya kwenda San Marino katikati ya Novemba.

Rubins aliikuta Palace ikiwa haijatulia. Kocha Alan Smith alikuwa na kikosi kilichotegemea vijana, na hasa mshambuliaji Clinton Morrison. Msimu wa 2000/01 ulikuwa wa ajabu: katika ligi timu ilikuwa inazama, katika Kombe la Ligi ilikuwa inapasua. Ilipofika nusu fainali ilipangwa na Liverpool ya Gérard Houllier, timu ambayo msimu huo ingetwaa Kombe la Ligi, Kombe la FA na Kombe la UEFA.

Mkondo wa kwanza ulichezwa Selhurst Park, uwanja wa Palace. Michael Owen wa Liverpool alipata nafasi akazipoteza, Koļinko akasimama imara langoni, na kipindi cha pili Rubins akaupata mpira mbali na boksi akaachia shuti lililokwenda moja kwa moja wavuni. Morrison aliongeza la pili, Vladimír Šmicer akarudisha moja upesi, na mechi ikaisha 2-1. Bao hilo la Rubins linastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya ushangiliaji wake. Lilikuwa bao la mtu asiye na wa kumpasia. Winga aliyezoea kwamba kiungo atajipenyeza nyuma ya beki, na kwamba straika atakimbilia mlingoti wa karibu, anapokosa nyendo hizo hubaki na uamuzi mmoja tu, nao ni kupiga mwenyewe. Siku ile mpira uliingia. Siku nyingine nyingi za Jumamosi, katika viwanja vyenye tope vya ngazi ya pili, haukuingia, na hapo ndipo sifuri ile ya mabao ya ligi ilipotoka.

Mkondo wa pili Anfield ulikuwa kichapo cha 5-0, mabao matatu yakiwa yameingia ndani ya dakika 20 za mwanzo. Palace ilirudi katika vita vya kushuka daraja, Smith akafukuzwa kabla msimu haujaisha, na timu ikanusurika siku ya mwisho kwa bao la Dougie Freedman dakika chache kabla ya kipyenga huko Stockport, ikashika nafasi ya 21, ya mwisho iliyo salama. Kiangazi akaja Steve Bruce, aliyeondoka kabla ya mwaka kwisha, kisha akaja Trevor Francis. Ndani ya muda huo Rubins alifanya kazi chini ya makocha watatu wa kudumu, mbali na wale wa muda, na kila mmoja alikuwa na mawazo yake kuhusu mchezaji wa pembeni. Hali ya chumba cha kubadilishia nguo inaweza kukisiwa kutokana na tukio la Agosti 2002, Francis alipompiga Koļinko kwenye benchi kwa madai kwamba alikuwa akicheka wakati Bradford City ilipofunga. Mapema 2003 Rubins aliondoka.

Swali la kiufundi ni kwa nini Pahars alifanikiwa Uingereza ilhali mawinga wawili bora wa Latvia, Rubins na Bleidelis, hawakufua dafu. Bleidelis alicheza mechi mbili tu za Ligi Kuu akiwa Southampton, kisha akaenda Viborg ya Denmark, na huko akapata nafasi ya kucheza kwa utulivu. Jibu rahisi ni kwamba Pahars alikuwa na kipaji kikubwa zaidi, na ni kweli. Mtu aliyempitishia mpira Jaap Stam, beki wa Manchester United, katikati ya miguu na kufunga Old Trafford Septemba 1999 hahitaji utetezi. Lakini zipo sababu za nafasi zenyewe uwanjani. Mshambuliaji hubeba kazi yake begani. Anahitaji mpira mmoja mbele ya goli, na goli ni lile lile Riga au Southampton. Winga wa mfumo wa 4-4-2 (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili) ni nusu ya jozi: ubora wake unategemea beki anayecheza nyuma yake, kiungo anayeziba nafasi anapopanda, na straika anayejua krosi itatoka sekunde ipi. Mtoe humo umweke mahali ambapo beki wa nyuma yake hubadilika kila wiki na kocha kila msimu, naye atakimbia kilomita zile zile bila faida ile ile. Palace ilinunua mchezaji mmoja ikadhani imenunua upande wa kushoto wa Skonto.

Urusi haikumpa tulizo. Spartak Moscow, iliyokuwa imetwaa ubingwa mara 9 katika misimu 10 kati ya 1992 na 2001, ilimpokea ikiwa imeanza kuporomoka. Mwaka 2003 ilitwaa Kombe la Urusi lakini ikamaliza ligi katika nafasi ya 10, na Oleg Romantsev, kocha aliyeijenga himaya hiyo, akaondolewa mwaka huo huo. Kutoka hapo Rubins alikwenda Shinnik ya Yaroslavl. Hakuna la kusimulia sana, isipokuwa kwamba wakati mambo yake ya klabu yalipokuwa chini kabisa, ndipo timu ya taifa ilipokuwa inafanya kazi kubwa kuliko zote katika historia yake.

Kundi la kufuzu Euro 2004 lilikuwa na Sweden, Poland, Hungary na San Marino. Latvia ilianza Septemba 2002 kwa sare ya 0-0 nyumbani na Sweden, kisha Oktoba ikaifunga Poland 1-0 jijini Warsaw kwa bao la Laizāns. Ikaenda San Marino, mechi ambayo kila mtu aliihesabu kuwa pointi tatu za bure, ikashinda kwa bao la kujifunga lililopatikana dakika za mwisho kabisa. Ilifungwa 3-1 na Hungary ugenini na 2-0 na Poland mjini Riga, wengi wakasema mbio zimekwisha. Ikaifunga Hungary 3-1 nyumbani, na Oktoba 11, 2003 ikaenda Stockholm, ambako Sweden ilikuwa imeshajihakikishia uongozi wa kundi, ikashinda 1-0 kwa bao la Verpakovskis. Pointi 16, nafasi ya pili, Poland nje.

Mechi hizo zote zilichezwa kwa umbo moja: mistari miwili ya watu wanne, Verpakovskis mbele akisubiri nafasi ya kukimbia, na mawinga wawili wenye amri ya kuwa mabeki kwanza. Hapo ndipo penye kiini cha kazi ya Rubins. Mtazamaji huona winga pale anapompiga mtu chenga. Kocha kama Starkovs humwangalia pale timu inapoupoteza mpira: anageuka kwa hatua ngapi, anarudi hadi wapi, anasimama umbali gani na beki wake wa kushoto ili pasi isipenye kati yao. Mpira ukinaswa, ni yeye tena anayetakiwa kuwa wa kwanza kutoka, kwa sababu shambulizi la kushtukiza la timu ndogo huishi kwa sekunde chache tu, na asipokuwepo wa kupokea pembeni, Verpakovskis atakuwa anakimbiza mipira iliyobutuliwa ovyo. Kazi hiyo haiingii katika takwimu za mabao wala za pasi za mwisho. Huingia katika idadi ya mechi ambazo kocha anakupanga tena na tena ilhali klabu yako inakuweka benchi, na Starkovs alimpanga.

Mtoano uliwakutanisha na Uturuki, timu iliyoshika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la 2002. Riga, Novemba 15, 2003, Verpakovskis alifunga, 1-0. Siku nne baadaye Istanbul, uwanja wa Beşiktaş ukiwa unatetemeka kwa kelele, İlhan Mansız na Hakan Şükür waliifanya 2-0, na kila kanuni ya soka ilisema mgeni sasa atavunjika. Laizāns alifunga kwa mpira wa adhabu katika dakika ya 66, na dakika ya 78 Verpakovskis akasawazisha. Jumla 3-2. Timu iliyokusanywa kutoka klabu mbalimbali kwa siku chache kwa kawaida hupanuka inapofungwa mawili ugenini. Kila mmoja hutaka kuwa shujaa, mistari inaachana, na la tatu linaingia. Latvia haikupanuka. Iliendelea kukaa mahali pake hadi Waturuki walipoanza kuwa na haraka kuliko wao. Utulivu wa aina hiyo hauletwi na hotuba ya mapumziko. Ulikuwa umejengwa Skonto miaka mingi kabla.

Fainali zenyewe, Ureno 2004, zilikuja wiki chache baada ya Latvia kuingia Umoja wa Ulaya Mei 1. Kundi lilikuwa na Jamhuri ya Czech, Ujerumani na Uholanzi, na hakuna aliyeipa Latvia hata pointi moja. Mechi ya kwanza huko Aveiro walitangulia kufunga kwa Verpakovskis, baada ya Andrejs Prohorenkovs kuchomoka upande wa kushoto na kumpa mpira wa kumalizia, na waliongoza hadi dakika ya 73. Milan Baroš, aliyeibuka mfungaji bora wa mashindano, akasawazisha, Marek Heinz akaweka la pili, na Walatvia wakatoka na sifa bila pointi.

Mechi ya pili, Juni 19 katika uwanja wa Bessa mjini Porto, ndiyo ninayoishauri kwa yeyote anayetaka kuelewa mchezaji wa aina ya Rubins alikuwa wa nini. Ujerumani, iliyokuwa imecheza fainali ya Kombe la Dunia miaka miwili kabla, ilikuwa na Michael Ballack katikati, Philipp Lahm akipanda kutoka beki ya kushoto na Arne Friedrich kutoka kulia. Njia ya kuifungua timu iliyojipanga kwa mistari miwili mifupi ni kuipitia pembeni kwa wingi, mabeki wakipanda ili wawe wawili dhidi ya mmoja. Bleidelis alipewa upande wa Lahm, Rubins upande wa Friedrich, na kwa dakika 90 Wajerumani walipata krosi nyingi lakini karibu zote zilipigwa kutoka mbali, kutoka sehemu ambayo beki wa kati mrefu kama Stepanovs anaupenda mpira utokee. Krosi ya kutoka mstari wa goli ni hatari kwa sababu inamlazimisha beki kukimbia akitazama goli lake; krosi ya kutoka mita 30 inamkuta ameshasimama. Tofauti hiyo hutengenezwa na winga anayerudi. Kwa upande mwingine Verpakovskis alipata mikimbio iliyomweka kipa Oliver Kahn katika wasiwasi, na Latvia walikuwa na sababu ya kulalamika kwa mwamuzi Mike Riley kuhusu penalti. Miroslav Klose alikosa kwa kichwa dakika za mwisho. 0-0, pointi ya kwanza ya Latvia katika fainali hizo na hadi leo ya pekee, kwa kuwa Uholanzi iliwafunga 3-0 huko Braga siku nne baadaye na Latvia haijarudi tena.

Yupo atakayesema kwamba namsifu winga kwa kuwa beki. Mabao 9 katika mechi 117 ni machache, na sitajaribu kuyafanya yaonekane mengi. Winga wa nchi kubwa mwenye hesabu hiyo angekuwa ameachwa zamani. Tena yapo makosa yake mwenyewe ambayo mfumo hauwezi kubebeshwa. Mchezaji aliyeweza kupiga shuti lile dhidi ya Liverpool alipaswa kufunga angalau mara mbili tatu katika mechi 31 za ligi, hata kama amezungukwa na timu isiyomwelewa, na wenzake waliovumilia mazingira magumu kama yake walipata njia. Koļinko, pamoja na vituko vya benchi, alikuwa na vipindi vya kuaminiwa Palace. Ninachokataa ni ile hesabu ya kuchukua udhaifu wa klabu na kuutumia kufuta kazi ya taifa, kana kwamba mechi 117 zilikuwa zawadi. Nchi ndogo haina anasa ya kumpanga mtu kwa heshima. Latvia ilikuwa na kikosi chembamba, ni kweli, lakini wembamba huo ulimaanisha pia kwamba pengo lililoachwa na mtu mmoja mvivu lingeonekana na kila mpinzani.

Tazama pia majirani zake katika orodha ya mechi za taifa. Astafjevs alifikisha 167, idadi ambayo kwa wakati wake haikuwa na mfano katika Ulaya. Laizāns alicheza 113, Bleidelis 106, Zemļinskis 105, Verpakovskis 104. Orodha kama hiyo si ya kawaida kwa nchi yoyote: kundi zima la kizazi kimoja likivuka mechi 100 kwa pamoja. Kinachoonyeshwa hapo ni timu iliyobaki ile ile muda mrefu, ambayo ilikuwa nguvu yake kubwa na baadaye ikawa ugonjwa wake, maana nyuma ya hao wakongwe hakuna aliyekuwa akilelewa kwa kasi iliyotakiwa. Starkovs aliondoka kwenda Spartak Moscow mwaka 2004, na ubingwa wa mfululizo wa Skonto ukakatishwa 2005 na Liepājas Metalurgs.

Ni kwenye klabu hiyo ya Liepāja ambako Rubins alirejea nyumbani kwa muda, kabla ya kwenda Azerbaijan, ambako soka lilikuwa limeanza kupata fedha na wachezaji wazoefu wa iliyokuwa Sovieti walihitajika. Alicheza Inter Baku, klabu iliyotwaa ubingwa wa nchi hiyo 2008 na 2010, kisha Qarabağ, kisha Simurq ya mji wa Zaqatala. Alikuwa bado anaitwa timu ya taifa akiwa huko, mtu mzima wa miaka zaidi ya 30 katika nafasi inayodai miguu ya kijana. Jambo la kusikitisha katika orodha ya klabu zake ni kwamba kadhaa zimekufa. Metalurgs ilivunjika baada ya msimu wa 2013, kiwanda cha chuma kilichoilisha kilipofilisika. Simurq ikafungwa 2015. Skonto yenyewe, mama wa yote, ilifilisika 2016. Inter Baku imebadilishwa jina. Anayetaka kuthibitisha kwamba klabu zilikuwa makazi ya kupita hahitaji ushahidi mwingine.

Kuingia Umoja wa Ulaya kuliondoa hitaji la kibali, na kwa akili ya kawaida Uingereza ingejaa Walatvia baada ya 2004. Haikutokea. Aliyejulikana zaidi huko katika miaka iliyofuata ni beki wa kati Kaspars Gorkšs, aliyepanda Ligi Kuu na QPR mwaka 2011 na tena na Reading mwaka 2012. Winga hakutokea wa kutajwa kando yake. Kibali kilipokoma kuwa kizuizi, timu ya taifa ilikoma pia kuwa dirisha la soko, na Skonto haikuwa tena kiwanda kimoja cha kuzalisha wachezaji wanaojuana. Makocha waliomfuata Starkovs walipaswa kuunganisha watu waliotawanyika katika ligi ndogo za Ulaya ya kati na mashariki, wakiwa nao kwa siku chache kabla ya mechi. Rubins alipopangwa upande mmoja na Laizāns au mbele ya Stepanovs, alikuwa ameshacheza nao Skonto kabla ya yeyote kati yao kuuzwa nje, na maelekezo mengi hayakuhitaji kusemwa.